Tasnifu ya ikolojia ya mandhari: ramani za ushoroba wa Kwakuchinja ninazo, kamati inauliza mnyama yuko wapi

Mtafiti_Nyikani (mwanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha umma, kwenye idara inayofundisha ikolojia ya mandhari pamoja na uhifadhi. Eneo langu la utafiti ni ushoroba wa Kwakuchinja, yaani ardhi ya vijiji inayounganisha Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na ile ya Ziwa Manyara, na ambayo inakatwa na barabara kuu ya Arusha kwenda Babati na Dodoma. Pendekezo langu lilikuwa kuchukua picha za satelaiti za Landsat za mwaka 1990, 2000, 2010 na 2020, kuainisha matumizi ya ardhi katika makundi matano (miti na vichaka, nyasi, mashamba, makazi ya watu, na maji), kisha kuziingiza ramani hizo katika programu ya FRAGSTATS ili nipate viashiria vya mandhari: idadi ya vipande, wastani wa ukubwa wake, urefu wa kingo, umbali wa kipande kimoja hadi kingine, na vingine vingi ambavyo programu hiyo hutoa kwa mpigo. Hitimisho nililotarajia ni kwamba ushoroba umemegeka na kwamba wanyamapori wameathirika.

Nilipowasilisha kwenye semina ya idara, mjumbe mmoja wa kamati alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Ramani nimeziona, mnyama yuko wapi?" Majadiliano yaliyofuata yalimaliza muda wote uliobaki, na nimetakiwa kurekebisha pendekezo kabla ya kuandikiwa barua ya kwenda uwandani. Msimamizi wangu, ambaye ni mtaalamu wa picha za satelaiti na mtu ninayemheshimu sana, anaona kwamba swali hilo linajibika kwa kuongeza kurasa chache za mapitio ya machapisho kuhusu nyumbu na tembo wa Tarangire, na kwamba nikianza kuwatafuta wanyama wenyewe sitamaliza katika muda niliopewa na kurugenzi ya masomo ya uzamili.

Naomba maoni ya waliopita njia hii. Je, utafiti wa ramani peke yake unahesabika kuwa ikolojia ya mandhari, au ni jiografia iliyovaa jina lingine? Na kama ni lazima mnyama awemo, mwanafunzi wa uzamili mwenye fedha kidogo, asiye na gari wala kola za GPS, anaweza kufanya nini cha maana katika msimu mmoja wa kiangazi bila kumvunjia heshima msimamizi wake?

---

Mwalimu_Katena

Marahaba, kijana. Nimefundisha somo hili kwa muda mrefu na nimekaa upande wa kamati mara nyingi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Swali ulilotupiwa lilikuwa la ukali, lakini ni swali lenyewe la taaluma hii. Viashiria vya FRAGSTATS vinaeleza mpangilio wa mandhari. Ikolojia ya mandhari huanza pale unapouliza mpangilio huo unafanya nini kwa jambo lingine: mwendo wa wanyama, usambaaji wa mbegu, moto, maji, ugonjwa. Mtu anayesema kwamba idadi ya vipande imeongezeka kwa hiyo wanyama wameathirika, ameruka hatua ambayo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Chukua mfano wa ramani yako mwenyewe. Umeweka miti na vichaka katika kundi moja na, kama ninavyokisia, umelihesabu kundi hilo pamoja na nyasi kuwa makazi ya wanyamapori. Sasa niambie, makazi ya nani? Nyumbu ni mnyama wa uwanda wa nyasi fupi, anataka aone mbali, na kichaka kinene kwake ni mahali pa kuviziwa na simba. Tembo anayesubiri giza liingie ili avuke barabara na kupita kando ya mashamba, mchana kutwa hujificha ndani ya kichaka hichohicho. Kichaka kikiongezeka kwa sababu malisho yamechoka na moto umezuiwa, mandhari ya nyumbu yanakuwa yamemegeka huku ya tembo yakiwa yameungana. Ramani ni moja, pikseli (vijiraba vinavyounda picha) ni zilezile, na majibu mawili yanapingana. Programu haiwezi kukuamulia lipi ni sahihi, kwa kuwa kipande, kizuizi na njia havipo mpaka utaje mnyama unayemzungumzia.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo mtahini wa nje akiwa makini atalifikia. Mwaka 2003 Lenore Fahrig wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, alichapisha mapitio yaliyoonyesha kwamba watafiti wengi huchanganya mambo mawili, kupungua kwa makazi na kugawanyika kwa makazi. Kupungua kuna madhara makubwa na ya wazi. Kugawanyika kwenyewe, pale ambapo kiasi cha makazi kilichobaki ni kilekile, kuna madhara madogo zaidi, na yanaweza kuwa mabaya au mazuri. Wapo wanaompinga vikali hadi leo, wakitegemea majaribio ya miaka mingi yaliyofanywa kwenye misitu iliyokatwa makusudi. Sikuambii uchague upande. Ninachokuambia ni kwamba katika takwimu zako mambo hayo mawili yatapanda na kushuka pamoja, kwa sababu mashamba yanapoongezeka nyasi hupungua na hapohapo hugawanyika. Ukichukua miaka minne, yaani nukta nne tu kwenye grafu, na viashiria lukuki ambavyo vingi vinapima kitu kilekile kwa majina tofauti, hutaweza kuvitenganisha hata ukikesha.

Niongeze la tatu, ambalo vijana wengi hulisahau kwa kuwa halionekani kwenye skrini, nalo ni udongo. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alieleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio unaojirudia kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, mwekundu juu, wa kijivu na mchanga mteremkoni, mweusi wa mfinyanzi chini, akauita mpangilio huo katena. Miaka michache baadaye, mwaka 1939, Mjerumani Carl Troll aliipa ikolojia ya mandhari jina lake katika andiko kuhusu picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Kwa hiyo mizizi ya somo hili iko hapa kwetu pia, na inakugusa moja kwa moja, kwa sababu wakulima hawalimi popote tu. Wanachagua sehemu za mteremko zenye rutuba na unyevu, na mara nyingi wanyama nao wanazitaka sehemu hizohizo. Ukilinganisha eneo lenye mashamba na eneo lisilo na mashamba bila kujua udongo wake, utahusisha na jembe tofauti ambayo ilikuwepo kabla jembe halijafika.

Ushauri wangu ni kwamba punguza. Chagua mnyama mmoja au wawili wenye tabia zinazotofautiana, andika swali moja lenye uwezekano wa kujibiwa "hapana", na viashiria vyako visizidi vitatu, kila kimoja ukikitolea sababu ya kibiolojia.

---

Pikseli30

Nakubaliana na Mwalimu kwa sehemu kubwa, ila nitetee kidogo kazi ya ramani, maana katika mabaraza yetu imezoeleka kudharauliwa na watu ambao hawajawahi kuainisha picha hata moja ya nyika. Ramani nzuri ya Kwakuchinja ni kazi ngumu ya kisayansi, na ramani mbaya huharibu kila hesabu itakayofuata.

Mwanzisha mada hakueleza atachukua picha za mwezi gani. Hilo ndilo la kwanza. Watu wengi huchagua Julai hadi Septemba kwa kuwa mawingu ni machache, na hapo ndipo matatizo huanza. Babati ni nchi ya mbaazi. Mkulima huzipanda pamoja na mahindi, mahindi huvunwa mapema, mbaazi hubaki shambani zikiwa kijani na kimo cha mtu wakati nyasi zote za jirani zimekauka. Kwenye picha ya Landsat ya kiangazi, shamba hilo la mbaazi hung'aa kama kichaka, na programu italipaka rangi ya kichaka bila wasiwasi wowote. Kwa upande mwingine, shamba la mahindi au ufuta lililokwisha kuvunwa na kuachiwa mifugo huonekana sawa na uwanda wa nyasi uliolishwa hadi chini. Matokeo yake ni kwamba unapoteza mashamba pande zote mbili, halafu unaandika kwamba makazi ya wanyama ni makubwa kuliko yalivyo. Dawa yake ni kutumia picha za angalau misimu miwili ya mwaka uleule, na kwa miaka ya karibuni hilo linawezekana, kwa kuwa satelaiti za Sentinel-2 hupita mara kwa mara na pikseli zake ni za mita 10, wakati za Landsat ni za mita 30.

Hata hivyo, usije ukalinganisha viashiria vya ramani ya mita 30 na vya ramani ya mita 10 kana kwamba ni mizani moja. Urefu wa kingo na idadi ya vipande hubadilika kwa sababu tu pikseli imebadilika, hata kama ardhini hakuna mti uliokatwa. Kama unataka mfululizo wa tangu 1990, baki na mita 30 mwanzo hadi mwisho, na picha za mita 10 zitumie kukagulia. Jihadhari pia na Landsat 7: kifaa chake cha kusahihisha mistari kiliharibika tarehe 31 Mei 2003, na picha zote za baada ya hapo zina mapengo ya mistari. Ukiyaziba mapengo hayo kwa makadirio halafu ukahesabu vipande, baadhi ya vipande vyako vitakuwa vimezalishwa na mapengo.

Kuna vitu muhimu kwa mnyama ambavyo mita 30 haivioni kabisa. Ua wa miiba wa boma, uzio wa nyaya wa shamba moja, mtaro wa kando ya barabara, kijia cha ng'ombe. Hivi utavipata kwa kutembea, au kwa kuchora kwa mkono juu ya picha za ubora wa juu. Mimi ningekushauri uchukue eneo dogo zaidi, ulichore kwa uangalifu wote, uende uwandani kukagua nukta ulizozichagua kwa bahati nasibu, na utoe makadirio ya eneo la kila kundi pamoja na kiwango cha shaka. Tasnifu nyingi nilizozisoma huishia kutaja asilimia ya usahihi kwenye jedwali, kisha katika sura inayofuata mwandishi anasahau kabisa kwamba ramani yake ina makosa.

---

Mkazi_wa_Ushoroba

Habari zenu wasomi. Mimi si mwanachuo, ila nimefanya kazi za doria na za kusindikiza watafiti katika maeneo ya Burunge, jumuiya ya vijiji ya hifadhi ya wanyamapori, na vijiji vya jirani, na nimeona ni vyema niseme mambo ambayo huwa hayaandikwi kwenye mapendekezo.

Ndugu Mtafiti, umesema unataka kuja msimu wa kiangazi. Ukija Agosti, nyumbu hutawakuta kwenye ushoroba. Watakuwa Tarangire, kando ya mto, kwa kuwa hayo ndiyo maji ya kudumu. Hutoka mvua za vuli zinapoanza, wengine wakielekea mashariki kwenye mbuga za Simanjiro na wengine kaskazini kupitia Manyara Ranch kuelekea nyanda za upande wa Ziwa Natron, na hurudi mvua za masika zinapokwisha. Wewe unayetaka kujua kama wanapita, njoo wakati wa kupita. Tembo ni habari nyingine, wao huonekana karibu mwaka mzima, hasa usiku, na zaidi mahindi yanapokomaa.

Kuhusu namna ya kuwapata bila gari wala kola, dalili zipo chini. Vinyesi vya tembo kila mtu anavijua. Vya punda milia vina umbo la figo na hupasuka juu vinapokauka. Vya nyumbu huwa ni chembe zilizoshikana, na hapo usijiamini sana, maana vya kongoni vinafanana navyo na itakubidi uangalie nyayo zilizo karibu. Vya swala usije ukavichanganya na vya mbuzi, kwenye ardhi ya wafugaji ni rahisi mno kukosea. Mvua ikinyesha, mende wa kinyesi hufagia kila kitu kwa muda mfupi, kwa hiyo mahali ambapo hukukuta kinyesi si lazima iwe ni mahali ambapo mnyama hakupita. Watafiti wenye busara huweka vituo vidogo, huvisafisha, huondoka, kisha hurudi kuhesabu vilivyoongezeka. Askari wa wanyamapori wa vijiji nao wana kumbukumbu zao za doria, na ukiomba kwa utaratibu kupitia ofisi ya jumuiya unaweza kuruhusiwa kuzisoma.

Sasa la muhimu kuliko yote. Mtu anayetembea kwenye mpaka wa shamba la mwenzake akiwa na GPS mkononi, katika ushoroba, haonekani kuwa mwanafunzi. Tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2018 za shoroba, maeneo ya mtawanyiko na mapito ya wanyamapori, chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009, watu wamekuwa na hofu kwamba kila kipimo ni maandalizi ya bikoni. Hofu hiyo ina msingi, na haitaondoka kwa kuwaambia watu kwamba ni "mambo ya shule tu". Pita kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, omba usemewe kwenye mkutano, eleza ramani itakwenda wapi na nani ataiona, na ukubali kwamba wapo watakaokukatalia kupita mashambani kwao. Njia ulizokataliwa ziandike pia, kwa sababu huenda zinakosekana mahali ambapo wanyama wanasumbua zaidi.

Na barua zako zianze mapema. Ushoroba huu uko kwenye mikoa miwili, sehemu ni Babati mkoani Manyara na sehemu ni Monduli mkoani Arusha. Barua ya mkoa mmoja haikuvushi kwenda mwingine.

---

Mwalimu_Katena

Ahsante sana ndugu Mkazi. Hilo la msimu lilipaswa kusemwa na kamati, na linabadilisha ratiba nzima ya mwanafunzi huyu.

Niongeze kwenye suala la vibali. Mwanafunzi wa chuo cha umma kwa kawaida hupewa barua ya kibali na makamu mkuu wa chuo kwa niaba ya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kisha huipeleka kwa makatibu tawala wa mikoa, wilayani, halafu vijijini. Ukitaka kuvuka mpaka wa hifadhi, utahitaji pia kibali cha TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), na huo ni mlolongo mwingine wenye muda wake. Ukibaki kwenye ardhi ya vijiji utaokoa muda mwingi, na kwa swali lako ardhi ya vijiji ndiyo yenye jibu.

---

Mzamivu_Uholanzi

Salamu kutoka kwenye baridi. Ninafanya shahada ya uzamivu katika taaluma hiihii, na nina hoja mbili.

Ya kwanza ni kumpinga Mwalimu kwa heshima. Mjadala wa kupungua dhidi ya kugawanyika ni muhimu, lakini mwanafunzi wa uzamili akiufanya kuwa msingi wa tasnifu yake atazama. Kuutenganisha kunahitaji maeneo mengi yenye kiasi sawa cha makazi na mpangilio tofauti, na ushoroba mmoja hauna maeneo hayo. Autaje kwenye sura ya mapitio, aonyeshe kwamba anauelewa, aeleze kwa nini muundo wa utafiti wake hauwezi kuuamua, basi. Vivyo hivyo kuhusu Circuitscape, programu inayochukulia mandhari kuwa kama saketi ya umeme na mnyama kuwa mkondo unaotafuta njia zote zenye ukinzani mdogo. Wanafunzi wanaipenda kwa sababu hutoa ramani zenye rangi za kuvutia, lakini thamani za ukinzani nyingi huwekwa kwa kukisia: shamba 50, barabara 100, nyasi 1. Ukikisia unachoingiza, unachopata ni kisio lako mwenyewe likiwa limepakwa rangi. Hesabu ya vinyesi inaweza kukupa thamani hizo kutokana na data, na hapo programu itakuwa na maana.

Kuna swali moja la kibiolojia ambalo ningelipenda mtu alishike, ingawa labda si wewe. Watafiti waliopima nyasi za ikolojia ya Tarangire wanaeleza kwamba wakati wa mvua nyasi za ndani ya hifadhi hazina fosforasi ya kumtosha nyumbu jike anayenyonyesha, na kwamba nyasi za nyanda za nje ndizo zinazomtosha. Kwa hiyo safari ya nyumbu ni ya kutafuta madini, na kuzuia ushoroba ni kumnyima jike madini hayo wakati ule anapoyahitaji kuliko wakati wowote. Kinachonichekesha kila nikiiangalia ramani ni kwamba kiwanda cha mbolea ya fosfeti cha Minjingu kiko papo hapo kwenye ushoroba. Ukiwa na swali la namna hiyo, kila mtu kwenye kamati ataelewa kwa nini ramani inahitajika.

Hoja ya pili ni ya msimamizi. Usiende kwake na habari kwamba kamati imemshinda. Nenda na ukurasa mmoja unaoonyesha kwamba ramani zake zinabaki kuwa sura kamili ya tasnifu, kwamba eneo limepunguzwa ili usahihi uongezeke, na kwamba kazi ya uwandani inaingia kwenye sura inayofuata kwa ratiba yenye tarehe. Mwombe pia apendekeze msimamizi mwenza kutoka upande wa wanyamapori. Wasimamizi wengi hukataa upana wa kazi kwa kuwa wanajua ni wao watakaoulizwa mwanafunzi akichelewa, na ratiba nzuri huwatuliza kuliko hoja nzuri. Majina ya waandishi wa makala yajadiliwe sasa, kabla ya data kuwepo, na makubaliano yaandikwe hata kwa barua pepe ya mistari mitatu. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa ajili ya nafasi ya pili kwenye orodha ya majina.

---

Mtafiti_Nyikani

Nawashukuru wote, na hasa ndugu Mkazi, kwa kuwa ratiba yangu ya Agosti ingenipeleka kwenye ushoroba mtupu.

Nimekaa na msimamizi wangu, na amekubali mpango ufuatao. Ramani zitakuwa za miaka miwili tu badala ya minne, zote za mita 30, kila moja ikitumia picha za kiangazi na za mwisho wa masika, na mashamba yenye mbaazi yatakaguliwa moja moja kwenye picha za ubora wa juu. Wanyama watakuwa nyumbu na tembo. Nitaweka vituo vya kuhesabia vinyesi kwenye ardhi ya vijiji pande zote mbili za barabara, nitavisafisha kabla ya vuli, na nitavirudia baada ya wanyama kupita, kisha nirudie tena mwisho wa masika. Swali ni kama uwezekano wa kukuta dalili za kila mnyama unatofautiana kulingana na kiasi cha mashamba na kiasi cha vichaka kuzunguka kituo, na kama vichaka vinawaathiri nyumbu na tembo kwa mwelekeo unaopingana, kama Mwalimu alivyosema. Aina ya udongo itaingia kwenye modeli pamoja na umbali wa barabara na wa maji. Msimamizi mwenza amepatikana.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuafikiana. Msimamizi anataka nipime kiasi cha mashamba ndani ya mduara wa kilomita moja kutoka kwenye kila kituo, kwa sababu ndivyo ilivyofanyika katika makala aliyowahi kuisimamia. Msimamizi mwenza anasema kilomita moja ni ndogo mno kwa tembo. Mmoja wao akishinda, nitamjibu nini mwingine? Na vituo vyangu vikikaribiana, miduara mikubwa si itapandana?

---

Mwalimu_Katena

Usichague, pima. Chukua mita 250, 500, kilomita 1, 2 na 5, hesabu kiasi cha mashamba na vichaka ndani ya kila mduara, kisha linganisha modeli kwa kila mnyama peke yake. Mduara unaoeleza data vizuri zaidi kwa nyumbu si lazima uwe uleule wa tembo, na tofauti hiyo itakuwa ni sehemu ya matokeo yako. Kuwa mwangalifu tu kwamba usianze mduara mdogo kuliko unavyoruhusu ukubwa wa pikseli. Mita 250 kwa pikseli za mita 30 bado unapata pikseli zaidi ya 200, hiyo inatosha. Ukishuka chini ya mita 100, utakuwa unahesabu makosa ya uainishaji. Na kama mduara wa kilomita 5 ndio utakaoshinda, ongeza wa 8 na wa 10 kabla hujafurahi, kwa kuwa jibu lililokutwa ukingoni mwa vipimo vyako huenda liko nje yake.

Kupandana kwa miduara peke yake si kosa, ingawa watahini wengi hulidhania hivyo. Kosa ni pale mabaki ya modeli, yaani ile sehemu ambayo modeli haikuieleza, yanapofanana kwa vituo vilivyo jirani. Hilo hukaguliwa kwa kipimo cha Moran baada ya kuendesha modeli. Yakifanana, tumia modeli inayozingatia nafasi ya vituo, au punguza vituo vilivyokaribiana. Katika upangaji, jitahidi vituo vyako vipate mchanganyiko: penye mashamba mengi na vichaka vingi, mashamba mengi na vichaka vichache, na kinyume chake. Ukiviweka vyote pale ambapo njia ni rahisi kutembea, mambo hayo mawili yatakwenda pamoja na hutaweza kuyatenganisha, hata uwe na mduara wa ukubwa gani. Chora ramani ya vichaka kwanza, ndipo uchague vituo, halafu mpelekee ndugu Mkazi au mwingine anayelijua eneo akuambie ni vipi kati yake haviwezi kufikiwa wakati wa mvua.

---

Mkazi_wa_Ushoroba

Vya upande wa udongo mweusi vyote havifikiki masika yakikolea, hata kwa pikipiki. Vitembelee mwishoni kabisa, na usivifute kwenye orodha, maana nyayo za nyumbu zilizokaukia kwenye tope lile hudumu kwa wiki nyingi.